Jina la Mwenye Mnyama

Mbuzi alikuwa mzima, na hilo halikuwa na ubishi. Alifungwa kwenye nguzo nje ya dirisha la maabara pale Mbinga mjini, akitafuna kamba yake, na mwenye mbuzi, mama mmoja aliyetoka Mbuji na lori la asubuhi, alikuwa akimfokea aiache. Mnyama aliletwa kupimwa tu apate kibali cha kusafirishwa. Lakini mashine ya kupima kemia ya damu ilitoa karatasi yenye namba za mnyama aliyekwisha kufa.

"Rudia," Dorah, daktari wa mifugo, alisema.

Wendelin akarudia. Huyu alikuwa fundi wa maabara, mzaliwa wa Kigonsera, mikono yake mitulivu na mdomo wake hautulii. Aliosha mashine, akaipitishia maji ya majaribio, ikasoma vizuri. Akaweka tena damu ya mbuzi. Vimeng'enya vya ini vikapanda pale pale vilipokuwa. Akachukua damu ya nguruwe wa kijiji cha Mapera aliyekuja kwa sababu ya minyoo. Namba zikawa zile zile, mpaka zile za nyuma ya nukta.

"Daktari, hizi namba mimi nazifahamu," alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alisema kwa sauti ndogo. "Ni za yule ng'ombe wa ziwani."

"Mashine imechafuka. Izime."

Akaizima. Ndipo chumba kile, ambacho kwa miaka yote kilinuka fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, na si kingine, kikanuka usipa wabichi, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wakiwa ndiyo kwanza wametoka kwenye wavu. Wendelin akafungua pipa la taka. Lilikuwa tupu.

Sasa habari za huyo ng'ombe lazima zisemwe, maana ndiye chanzo. Wiki moja kabla, Dorah alishuka kwenye kijiji kimoja cha ufukweni, kusini mwa Mbamba Bay, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanakufa. Walikuwa wamekufa watatu wa watu mbalimbali, na wa nne alikufa kwa namna ya ajabu: alikutwa amesimama ziwani, maji yakiwa magotini, macho wazi, amekufa. Ilibidi wamsukume ndipo aanguke.

Aliyemlea ng'ombe huyo ni mzee Nathaniel, katekista mstaafu wa Kianglikana, mrefu, mpole, mwenye koti la suti hata kwenye jua. Dorah alimwamkia, akamwambia anataka kumpasua ng'ombe wake.

"Marahaba, mwanangu. Ila huyu si wangu," mzee alisema.

"Ni wa nani?"

Mzee akatazama maji. Akaeleza taratibu, kwa aibu kidogo, kama mtu wa kanisa anavyoeleza mambo yasiyo ya kanisa. Babu yake alizama akiwa kijana, akakaa siku tatu chini, akatoka mzima. Aliyemwachia alikuwa mwenzetu wa ziwani, ndivyo wanavyomwita, maana jina lake halitajwi. Tangu hapo ukoo unafuga ng'ombe mmoja kwa ajili yake. Hakamuliwi, hafungwi, hauzwi. Akifa anapelekwa mzima kwenye kina, na kisu hakimgusi. Ndama mwingine huchaguliwa, na maisha yanaendelea.

Dorah hakucheka. Alikuwa mtu wa Kagera aliyehamishiwa Ruvuma, na mahali pa watu ulipohamishiwa hucheki. Lakini alikuwa na sheria mkononi na mizoga minne mbele yake, na kama ni kimeta, kijiji kizima kingekula nyama ile na kufa. Alichukua damu ya sikioni, akaipaka kwenye kioo, akaitazama kwa darubini ndogo juu ya boneti ya gari. Hakukuwa na kimeta. Basi akavaa glavu, akampasua ng'ombe pale pale mchangani, kuanzia kidevu mpaka mkiani. Mzee Nathaniel aligeuka, akasimama amewapa mgongo mpaka kazi ikaisha.

Ndani hakukuwa na ugonjwa wowote. Ini zuri, figo nzuri, moyo mzuri. Alichukua kipande cha kila kiungo akatia fomalini, akachukua damu, akatoa ubongo. Mabaki yakachomwa moto na kufukiwa kwa chokaa kama kanuni inavyotaka.

Ikabaki fomu. Siku hizi fomu iko kwenye kishikwambi, na kishikwambi hakina huruma: usipojaza jina la mwenye mnyama na namba yake ya simu, hakikuruhusu kuendelea, na sampuli hazipati namba.

"Andika lolote, Daktari," mzee alisema, "ila mimi usiniandike. Mimi si mwenye huyu ng'ombe, na sikukuambia umpasue."

Ofisini kwao kila mtu alijua dawa ya tatizo hilo. Mwenye mnyama asipojulikana, unajiandika mwenyewe ili fomu ipite, ukifika mjini unarekebisha. Wote walikuwa wameshawahi kufanya hivyo, na kurekebisha hakuna aliyerekebisha. Dorah aliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, akaweka namba yake ya simu, akabonyeza. Mtandao ukakubali mara moja, jambo ambalo ufukweni kule halitokei.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, na hata leo ukimuuliza atakuambia haoni alipokosea.

Siku mbili baada ya yule mbuzi wa Mbuji, simu yake ililia saa nne asubuhi. Namba haikuonekana. Alipokea akasema haloo, akasikia maji yakigonga mchanga polepole, na karibu zaidi, karibu kabisa na sikio, mnyama mkubwa akicheua. Alikata. Ikalia tena. Alimpa Wendelin asikilize. Wendelin alisikiliza kidogo, akairudisha juu ya meza kwa ncha za vidole, akaenda kunawa mikono.

Siku ya tatu zilikuwa tayari slaidi za ini, zile nyama zilizokatwa nyembamba kabisa na kupakwa rangi. Ilikuwa Juni, ukungu wa Mbinga umeshuka mpaka madirishani, mchana na taa zinawaka. Dorah alikaa kwenye darubini akaitazama slaidi ya kwanza, na mwanzoni alidhani ni jicho lake limechoka, akaliondoa, akalifikicha, akalirudisha, na bado ndani ya kile kipande cha nyama kilichokaa wiki nzima kwenye fomalini, kikapikwa kwenye nta, kikakatwa na wembe, kikabandikwa kwenye kioo na kufunikwa na kioo kingine, ndani ya mshipa mmoja mdogo kuliko unywele, chembe za damu zilikuwa zinatembea, moja nyuma ya nyingine, bila haraka, zikienda mahali zinapopajua.

Alizima taa ya darubini na ya chumba. Alikaa gizani, ukungu ukiwa dirishani. Aliogopa. Mtu mwenye shahada mbili anaruhusiwa kuogopa, na aliogopa sana.

Nyumbani kwake vifo vilianza na kuku. Kumi na mmoja, siku moja, wote wamelala ubavu mmoja wakielekea magharibi, kule liliko ziwa. Akawapasua, hawana kitu. Kesho yake akafa mbwa. Akampasua, hana kitu. Kisha mbuzi wa maziwa, yule wa Glorious.

Glorious alikuwa binti yake, miaka saba, mtoto wa pekee. Baba yake alikufa kwa ajali ya pikipiki mtoto akiwa hajaanza kutembea, na tangu hapo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mtoto akilala mgongo wake umegusa wa mama. Ni mtoto wa maswali. Alimlilia mbuzi wake, akala, akalala. Asubuhi alipoamka weupe wa macho yake ulikuwa wa njano.

Dorah hakupiga kelele. Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaenda naye hospitali mbio, na madaktari walifanya yote wanayoweza. Si malaria. Si homa ya ini ya aina wanazozijua. Walimtundikia maji, wakaandika rufaa ya kwenda mbali. Mtoto alikuwa anachoka kila saa, na pumzi yake ilinuka usipa wabichi.

Jioni ile Dorah alichukua kitone cha damu ya mwanawe akaenda nacho maabara. Haruhusiwi. Alienda tu. Wendelin alikuwa amemsubiri, hakuuliza. Waliweka seramu, yale maji ya damu, kwenye mashine, wakasimama bega kwa bega, hakuna aliyebonyeza jina wala aina ya mnyama. Karatasi ikatoka. Namba zilikuwa zile. Juu ya namba mashine iliandika yenyewe: *Ng'ombe, jike. Mwenye mnyama: Dorah Kilian.*

"Daktari," Wendelin alisema kwa mnong'ono, "mimi ni Mkatoliki, na padri akinisikia atanifukuza kwaya. Lakini mpeleke mtoto ziwani. Rufaa haitamfaa. Nenda kwa yule mzee."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba ulijiandika."

Walimtoa mtoto hospitali, wakashuka alfajiri iliyofuata, Wendelin akiendesha, mtoto amelala mapajani kwa mama yake amefungwa kitenge. Kila kona waliyoshuka, ukungu ulibaki juu na joto likapanda, na kila joto lilipopanda ndivyo harufu ile ilivyozidi mpaka wakafungua vioo vyote vinne.

Mzee Nathaniel aliwapokea bila kushangaa. Alimwita dada yake, Bibi Mariana, ambaye kijijini ndiye wanayemwendea kwa mambo ya namna ile. Alikuja amevaa sare ya umoja wa akina mama wa kanisa, maana alikuwa ametoka kwenye ibada ya asubuhi, na hakuona haja ya kwenda kubadilisha. Alimfunua mtoto macho, akamnusa utosini, akakaa chini.

"Uliandika jina lako kwa mnyama wake," alisema.

"Niliandika ili fomu ipite, Bibi. Ni kawaida yetu."

"Yeye hajui kawaida yenu. Anajua kwamba kuna mtu anaitwa Dorah amesema ng'ombe ni wake, kisha akamkatakata. Basi naye anachukua vilivyo vya Dorah. Amechukua kuku, mbwa, mbuzi. Sasa amefika hapa." Akamgusa mtoto kifuani.

"Nifute jina. Nitalifuta leo hii."

"Futa. Lakini ng'ombe anamtaka mzima."

"Mzima vipi? Nimempasua, Bibi. Kachomwa."

"Kila kitu chake kirudi. Mtaleta kila kitu, nitampanga, atapelekwa kwenye kina kama wenzake. Mwenzetu wa ziwani akimwona mzima ataacha. Asipomwona mzima..." Bibi Mariana alitoa kiberiti, akawasha ubani.

Wendelin alirudi Mbinga mbio, akafuta jina la Dorah kwenye fomu, akafagia maabara kila kilichokuwa cha ng'ombe. Alileta chupa za fomalini, vipande vya nta kumi na vinne, slaidi thelathini na moja, tyubu ya seramu iliyobaki, hata glavu na nyembe zilizotumika. Mzee Nathaniel na ndugu zake walifukua shimo, wakaleta mifupa iliyoungua na jivu lote na chokaa yake ndani ya magunia. Dorah alikaa na mtoto barazani, akimlowesha midomo. Mtoto alimwita mara moja, "Mama," akauliza kama mbuzi wake amezikwa. Dorah akasema ndiyo. Mtoto akafumba macho yake ya njano.

Alasiri Bibi Mariana alitandika mkeka mkubwa mchangani akaanza kumpanga ng'ombe. Jivu alilimimina kuwa mwili. Mifupa akaiweka miguuni na mbavuni. Akawa anauliza, na Dorah anajibu, daktari na mganga wamepiga magoti upande na upande wa mkeka, wakifanya kazi ambayo chuo hakikumfundisha hata mmoja wao. Hii chupa ni nini? Ini. Ini linakaa wapi? Hapa. Hii? Figo, ya kushoto. Hii? Wengu. Slaidi moja moja zikawekwa juu ya chupa zake. Seramu ikawekwa mahali pa moyo.

"Damu imepungua," Bibi Mariana alisema.

"Mashine imetumia. Matone machache."

"Damu hupungua hata kwa mtu aliyejikata. Hiyo atasamehe." Akasogea kichwani. Pale palikuwa na meno na kipande cha taya tu. "Ubongo?"

Dorah alianza kuzipanga upya slaidi za figo.

"Mwanangu, ubongo uko wapi?"

"Ulitumwa maabara kuu. Ni utaratibu, ng'ombe akifa ghafla ubongo unatumwa kupimwa. Ulipanda basi siku ile ile."

"Piga simu urudi."

Alipiga. Alipanda kwenye kichuguu mtandao unakopatikana, akapiga, akampata mtu mwenye heshima zake ambaye alifungua daftari, akamwambia ubongo uliingia, ukakatwa, ukasagwa, ukapimwa, hakikukutwa kitu, na mabaki yakateketezwa juzi. Je, Daktari anahitaji nakala ya majibu? Dorah alisimama juu ya kichuguu na simu sikioni, analia, na yule mtu upande wa pili akisema haloo, haloo.

"Haurudi," aliwaambia aliporudi. "Hakuna uliobaki."

Ndugu wa mzee Nathaniel wakatazamana. Bibi Mariana alipitisha kiganja chake juu ya ule mkeka mtupu mahali pa kichwa, mara mbili tatu, kama anayepapasa kitanda kutafuta kitu kilichodondoka.

"Mtoto hana siku nyingine," alisema. "Tutampeleka hivi hivi. Akiliona pengo atalijaza yeye mwenyewe, na sijui atalijaza kwa kitu gani."

"Nichukue mimi!" Dorah alisema. "Mwambie anichukue mimi. Jina ni langu, si la mtoto!"

"Hachagui kwa kuambiwa, mama."

Walikunja mkeka na vyote vilivyomo, wakaufunga kwa kamba za nyavu, wakaupakia kwenye mtumbwi. Mzee Nathaniel na nduguye wakapiga kafi mpaka wakawa wadogo. Ziwa lilikuwa limetulia, jua bado liko juu, watoto wa jirani wanaoga, wanawake wanaosha vyombo, na hapo mchana kweupe, mzigo ulipoachiwa, kila mtu aliyekuwa ufukweni alisikia ng'ombe akilia kutoka chini ya maji, mlio mmoja mrefu uliopita chini ya mtumbwi, ukaja mpaka kwenye mchanga, ukapita chini ya miguu ya wanawake waliokuwa wakisugua masufuria, ukapanda hadi barazani, ukaingia chini ya mkeka aliolala Glorious, ukaisha pale. Watoto wakatoka majini bila kuitwa.

Harufu ya usipa ikakatika mara moja.

Usiku ule homa ilishuka. Kabla hakujapambazuka Dorah alimwangaza mwanawe kwa tochi ya simu, akamfunua kope akiwa usingizini, na weupe wa jicho ulikuwa weupe. Alimchoma sindano akachukua damu, mtoto hakuamka. Wendelin akapanda nayo mlima. Dorah, ambaye hakuwa amelala siku tano, alilala pale pale sakafuni.

Simu ndiyo iliyomwamsha, saa sita mchana, ingawa pale mtandao haukuwahi kushika.

"Daktari!" Wendelin alikuwa amerudiwa na sauti yake yote. "Kila kitu kiko sawa! Nimerudia mara tatu. Ini, figo, sukari, kila kitu. Mashine imeandika bila jina, imeandika namba tu. Mtoto mzima, Daktari! Mzima kabisa!"

Dorah alilia kwa furaha, kwa sauti, bila haya. Mkeka wa mtoto ulikuwa mtupu, kitenge kimekunjwa vizuri. Akatoka nje akikimbia, bila viatu.

Glorious alikuwa kwenye vichanja vya kuanikia, amekaa kando ya Bibi Mariana, anachambua usipa. Alikuwa akicheka. Alikuwa akiuliza maswali yake: huyu mbona mkubwa, huyu mbona hana jicho. Mashavu yamejaa, mikono ina nguvu. Alipomwona Dorah anakuja mbio, alisimama kama mtoto aliyelelewa vizuri, akajifuta mikono kwenye sketi, akapiga goti dogo.

"Shikamoo, mama. Karibu."

Dorah alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Bibi," mtoto akasema, akigeuka, "kuna mgeni."

Bibi Mariana hakuinua uso kutoka kwenye samaki.

"Glorious," Dorah alisema. "Glorious, ni mimi. Ni mama yako."

Mtoto alimtazama usoni kwa makini, kwa nia njema kabisa, akijaribu kweli kukumbuka. Mama yake alisimama pale mbele yake akimwona anajaribu. Kisha akatikisa kichwa kwa kuomba radhi. Alivuta kigoda, akakipangusa magamba kwa pindo la sketi, akakisogeza karibu na miguu ya Dorah.

"Kaa hapa upumzike. Babu anarudi sasa hivi, labda yeye anakufahamu." Akasubiri. Halafu, kwa kuwa mgeni alikuwa hajaitikia, na labda hakusikia, akapiga goti tena, akaamkia upya.

"Shikamoo."

"Marahaba," Dorah alisema.